Nilipandisha gari Gerezani, Bibi akashindwa kulipanda!

Leo nakutoa mjini kidogo. Tutaanzia Gerezani, pale Dar, tukachafuke na grisi, halafu tutakwea milima ya Uluguru huko Morogoro na kagari kangu ka Suzuki. Ukifika mwisho utajua kwa nini siku hizi natembea na kigoda ndani ya gari. Naomba usinicheke kabla hujamaliza.

Kwanza nikupe kisa chenyewe. Nina Suzuki Samurai, ile ndogo ya milango miwili yenye injini ya 1300, springi za majani mbele na nyuma. Masela wa kijiweni kwetu wanaiita kibiriti. Ni kuukuu, lakini ni fowili ya kweli, ina gia kubwa na gia ndogo. Kwa mjini inatosha kuuzia sura siku ya Jumamosi.

Sasa mwezi wa nne mwaka 2024, masika yakiwa yamepamba moto, nikapigiwa simu. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi kijijini juu ya Matombo, anaumwa, hali chakula, apelekwe mjini. Nikaondoka usiku uleule. Asubuhi nikampakia vizuri kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, tukaanza kushuka. Hatukufika mbali. Malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, katikati limebaki tuta la udongo mgumu. Mimi kwa utaalamu wangu wa Sinza nikaingiza magurudumu humohumo kwenye mifereji. Puu! Difu likakaa juu ya tuta, gari likaning'inia, magurudumu yanazunguka kama feni. Saa nne nzima tulichimba kwa jembe na mikono. Mwishowe vijana wa kijiji wakaleta kitanda cha kamba, wakamlaza Bibi, wakambeba mabegani hadi kwenye barabara kubwa. Mimi nafuata nyuma nimebeba kanga zake.

Bibi alipona. Ila ile picha ya yeye kubebwa na mimi ninalo gari haikunitoka. Nikaapa kwamba masika ijayo gari hili litakuwa juu kama tembo.

GEREZANI SI JELA

Kama hujawahi kufika Gerezani, umekosa chuo kikuu kisicho na karo. Ukishuka mwendokasi mwisho wa kituo, fuata kelele za nyundo tu. Hapa wanagonga majiko, pale wanachomelea mageti, kule mtu kalala chini ya gari miguu peke yake ndiyo inaonekana. Kila mtu anakuita bosi hata kama shati lako limechanika. Kitu ambacho hakipo dukani, hapa kinafuliwa ukikiangalia.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, mwenye kofia ya baraghashia iliyobadilika rangi kwa oili. Nikamsalimia, nikamwaga sera zangu.

“Shikamoo fundi. Nataka gari ipande juu. Lakini mkwanja ni mdogo.”

“Marahaba mdogo wangu. Ipande kwa sababu gani? Unataka kuonekana, au unakwenda mahali?”

Nikamweleza kisa cha Bibi na lile tuta. Akacheka kwa huruma, akachukua kipande cha chaki, akachora chini magurudumu mawili na mstari katikati, kwenye mstari akachora tufe.

“Hili ndilo difu lako. Limefungwa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Mimi nikipandisha springi, nitapandisha chesisi, bodi, giaboksi na tangi la mafuta. Difu litabaki palepale lilipo. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake.”

Msomaji wangu, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya barafu. Mwaka mzima nawaza springi, kumbe adui yangu hata hazijui springi! Lakini fundi akaendelea kunifundisha. Tairi kubwa haiwezi kuingia kwenye gari lililo chini, itasugua madigadi ukikata kona. Kwa hiyo unapandisha springi ili upate nafasi ya tairi, na tairi ndiyo inayopandisha difu. Kimoja kinamtafutia mwenzake kazi.

Na hesabu zenyewe hizi hapa, chukua kalamu. Tairi yangu ya zamani ilikuwa 205/70 ya rimu 15, ambayo ukiipima kutoka chini hadi juu unapata kama sentimeta 67. Tuliyoichagua ni 235/75 ya rimu hiyohiyo, yenye kama sentimeta 73. Ongezeko ni sentimeta sita na nusu hivi, lakini difu linapanda nusu yake tu, maana liko katikati ya gurudumu. Yaani sentimeta tatu na kidogo. Unaweza kudharau, ila kwenye tope sentimeta tatu ni tofauti ya kufika nyumbani na kulala porini.

KAZI INAANZA

Kuna njia nyingi za kupandisha gari la springi za majani. Ukiwa na mshiko unaagiza seti nzima kutoka nje, springi mpya na shokapu zake, unafunga na kunywa soda. Sisi wa mfuko mwepesi tuna njia zetu.

Ya kwanza ni shakeli, vile vipande viwili vya pasi vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chesisi. Unatengeneza virefu zaidi. Ila usidanganyike. Ukirefusha kwa inchi mbili, gari linapanda inchi moja tu, kwa sababu ile ncha nyingine ya springi imefungwa palepale haitoki. Fundi akakata pasi nene, akatoboa matundu, akatupa bushi mpya. Akakataa kabisa kunirefushia zaidi ya hapo. “Shakeli ndefu kama miguu ya korongo zinayumba,” alisema. Aliunganisha kila jozi kwa kipande cha chuma katikati ili zisicheze kushoto kulia.

Ya pili ni kuongeza jani. Tulikwenda kwenye chuma chakavu tukachagua majani ya springi za pikapu, yakakatwa kwa kipimo, moja kwa kila pembe, yakaingia chini ya jani mama na kukazwa na sentabolti mpya. Hapo tukapata inchi nyingine. Kijana mmoja wa jirani akashauri tuyapige moto majani ya zamani tuyapinde upya, itakuwa bure. Mzee akamkata jicho. Akanieleza kwamba chuma cha springi kina ugumu wake kilichopewa kiwandani. Ukikitia moto bila utaalamu kinalegea, na baada ya miezi kinakaa kama ulimi wa ng'ombe, au kinakatika. Vilevile akasema nisikubali mtu anichomelee kitu chochote juu ya springi.

Ya tatu ndiyo wengi wanaisahau, nayo ni shokapu. Gari likipanda, shokapu za zamani zinakuwa fupi. Zinavutika mpaka mwisho na kugonga kila ukipita shimo. Tukapata nne ndefu, zimetumika lakini hazivuji.

Jioni ya siku ya pili gari likashushwa kwenye jeki. Loo! Kibiriti kimekuwa bweta. Masela waliokuwa wakinywa kahawa wakapiga miluzi. Nikamwomba mtu anipige picha mbele, nyuma na ubavuni.

KUMBE USUKANI UMELEWA

Furaha ilidumu hadi barabara ya Nyerere. Nilipofika mwendo wa 60, gari likaanza kutafuta njia lenyewe. Nashika kushoto, linafikiri kwanza. Nashika kulia, linapitiliza. Mkono wangu haukutulia sekunde moja. Halafu usukani wenyewe umekaa upande, naenda moja kwa moja lakini nembo imeinama kama mtu aliyesinzia.

Nikarudi mbio. Fundi hakushtuka, alikuwa ananisubiri! Akasema alitaka nilione mwenyewe, maana nilimwambia “hizo kabari acha, tutaweka siku nyingine”. Shakeli za mbele zikirefushwa, ekseli ya mbele inajizungusha kidogo. Ule mlalo wa kingpini unaofanya gurudumu lipende kwenda moja kwa moja unapungua. Ni sawa na gurudumu la mbele la baiskeli. Uma wake umelala kwa makusudi, na ukiusimamisha wima baiskeli inayumba. Dawa yake ni kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli ili kuirudisha kwenye mlalo wake. Na ile fimbo inayotoka kwenye giaboksi ya usukani kwenda gurudumuni imebadilika pembe kwa sababu ya kupanda, kwa hiyo inarekebishwa urefu ili usukani ukae katikati.

Tulifunga kabari. Gari likatulia, siyo kama zamani, lakini likatulia. Akanirekebishia na taa, maana mbele ikipanda taa zinawapofusha wanaokuja.

Hapo ndipo likaja lile jambo ninalokuandikia makala haya yote. Fundi aliweka jeki chini ya chesisi, siyo chini ya ekseli, akainua mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia hewani. Akaniita.

“Njoo uone mdogo wangu. Shika hapa.”

Nikashika mpira wa breki wa nyuma, ule unaotoka kwenye bomba la chesisi kwenda kwenye ekseli. Umekazika kama uzi wa gitaa!

“Shokapu sasa ni ndefu, ekseli inashuka zaidi kuliko zamani. Mpira ni uleule. Kwa lami ya mjini hutaona kitu. Ukienda milimani, gurudumu likidondoka kwenye korongo, huu unakatika. Badilisha yote mitatu, miwili ya mbele na huu.”

“Shilingi ngapi?”

“Kama 90,000.”

Msomaji wangu, nilikuwa nimeshamwaga 480,000 kwenye shakeli, majani, kabari, shokapu na ufundi, na 600,000 nyingine kwenye tairi nne za mtumba. Mfuko ulikuwa unapuliza upepo. Nikasema, “Nitabadilisha mwisho wa mwezi, fundi.” Mzee akaniangalia, akafuta mikono, akasogeza kidogo ule mkono wa chuma unaoushikilia mpira, akasema maneno mafupi: “Basi usitoke mjini mpaka huo mwisho wa mwezi.”

SAFARI YA PASAKA

Nilitoka mjini. Pasaka ya mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20, na Bibi alikuwa na siku ya kliniki Morogoro wiki hiyohiyo. Nikamchukua mshkaji wangu mmoja, tukapiga lami ya Morogoro, Mlandizi, Chalinze, Mikese, karibu kilometa 190 kutoka Dar.

Hapa nikuonye kuhusu tairi kubwa. Spidomita inadanganya. Ikisoma 80, wewe uko karibu na 88, kwa hiyo usimlaumu trafiki. Na injini ya 1300 ikipewa tairi nzito inalalamika kama mtoto aliyeamshwa alfajiri. Vilima vya baada ya Chalinze tulivipanda kwa gia ya tatu, mabasi yanatupita kwa dharau. Kona nazo nilizichukua kwa adabu. Hili gari toka likiwa mpya lilikuwa na sifa ya kuinama. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliipa Samurai alama ya “haikubaliki” likisema inaweza kupinduka. Suzuki wakakana, wakalipeleka mahakamani mwaka 1996, na wakaja kupatana mwaka 2004. Ukweli wa nani ulikuwa mkubwa mimi sijui, ninachojua ni kwamba kitu chembamba ukikirefusha kinapenda kuanguka.

Morogoro mjini unachepuka Bigwa, unafuata barabara ya Mvuha na Kisaki. Hapo ndipo raha yenyewe. Kulia kwako Uluguru imesimama na kilemba cha mawingu. Kilele chake cha Kimhandu kinazidi mita 2,600. Mkuyuni kuna ndizi, machungwa, mananasi na harufu ya viungo, pilipili manga, iliki na karafuu. Vijito vinakata barabara kila kona, na usivione vidogo. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii, na ndio unaoipa Dar es Salaam maji. Yaani maji unayoogea asubuhi pale Kinondoni yamepita kwanza kwa bibi yangu!

Matombo ndiyo Matombo. Vijana hupenda kuuliza maana ya jina wakijifanya hawajui. Kwa Kiluguru ni maziwa ya mwanamke, na limetokana na miamba miwili iliyosimama mlimani. Mshkaji wangu alitaka kupiga picha nusu saa nzima. Nikamwambia huku ni nchi ya akina mama kweli. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi pia. Shamba la Bibi ni la kina mama zake, na mimi mtoto wa binti yake nina haki ya kuja kula ndizi bila kuomba ruhusa.

PALE PALE PENYE TUTA

Tukaacha barabara kubwa, tukaanza kupanda njia ya kijiji. Mvua ilinyesha usiku, udongo mwekundu umekuwa sabuni. Tukapunguza upepo wa tairi ili zitanuke na kushika, nikaingiza gia ndogo. Tukafika pale pale. Lile tuta la mwaka 2024 lilikuwa linanisubiri na mifereji yake.

Safari hii nilishuka kwanza, nikatembea kwa miguu, nikapima kwa fimbo. Halafu sikuingia mferejini. Gurudumu la kulia nikalipandisha juu ya tuta, la kushoto juu ya ukingo, taratibu, gia ya kwanza. Sehemu moja likateleza likaingia mferejini, nikasikia difu linakwangua udongo, kwaaa… likapita! Sentimeta tatu zile! Tulipiga kelele kama tumefunga goli la dakika ya 90. Vijana wawili waliokuwa wanatazama walipiga makofi, na mmoja akanikumbuka: “Wewe si yule wa kitanda?”

Bichwa likavimba. Na bichwa likivimba, macho yanaziba.

Mbele kidogo maji yalikuwa yamekata njia mshazari. Badala ya kushuka kutazama kama mwanzo, nikaingia tu. Gurudumu la mbele la kulia likapanda, la nyuma la kushoto likadondoka kwenye korongo hadi nikaona anga kwenye kioo. Gari likainama, likasimama, likatoka. “Umeona springi hizo?” nikamwambia mshkaji. Sikusikia chochote. Mpira wa breki ukikatika haupigi kelele.

Baada ya kupanda kuna mteremko mrefu unaoshuka kwenye kijito kabla ya kufika kwa Bibi. Kushoto ukuta wa mlima, kulia mgomba unauona kichwa tu, maana shina lake liko chini huko. Nikagusa breki. Pedeli ikaenda chini. Nikapiga tena, ikashika kwa mbali, mbele tu, na kwa utelezi ule magurudumu ya mbele yakafunga na gari likaanza kuteleza kuelekea kulia.

Mshkaji alinyamaza. Mtu anayeongea tangu Mlandizi, akanyamaza!

Kilichotuokoa ni vitu viwili. Kwanza nilikuwa bado kwenye gia ndogo, namba moja, sikuwa nimeitoa. Nikaachia breki, nikaacha injini ivute gari nyuma yenyewe, usukani nikauegemeza kushoto kwenye ukuta wa mlima. Ubavu ukasugua udongo, kioo cha pembeni kikaenda zake, gari likafika chini polepole na kusimama kwenye maji ya kijito. Pili, breki za gari hili zina mikondo miwili, mbele na nyuma kila mmoja na wake, kwa hiyo nyuma ikifa, mbele inabakia. Zingekuwa za mkondo mmoja, leo ungekuwa unasoma safu ya mtu mwingine.

Tukashuka. Nyuma, kwenye ndani ya gurudumu, mafuta yanadondoka. Ule mpira umechanika pale pale nilipoushika kwa mkono wangu Gerezani. Nilikaa juu ya jiwe. Nilichokuwa nawaza ni kitu kimoja tu. Kesho yake, kwenye mteremko wa namna hii, kiti cha mbele angekaa Bibi.

GOLOLI YA BERINGI

Kijijini kuna kijana anayetengeneza bodaboda. Alikuja na mfuko mdogo wa spana, akalala kwenye tope bila kuuliza bei. Akafungua nati mahali bomba la chuma linapokutana na ule mpira, akaweka gololi ndogo ya beringi mdomoni mwa bomba, akakaza. Njia ya nyuma ikazibwa. Akaongeza mafuta ya breki aliyonayo ya pikipiki baada ya kusoma namba zilizoandikwa kwenye kifuniko chetu na kuhakikisha zinakubaliana. Nikakanyaga, pedeli ikasimama.

“Kaka, hii ni ya kukutoa hapa tu,” akasema. “Sasa una breki za mbele peke yake. Ukilidanganya gari, litakudanganya.”

Bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake. Shikamoo, marahaba, karibuni mjukuu wangu. Nikamwambia ukweli. Sikumwambia “gari lina hitilafu ndogo”. Nilimwambia nilionywa nibadilishe kitu cha shilingi 90,000, nikaona ni ghali. Akatikisa kichwa. Akasema kesho kuna kliniki, na keshokutwa ipo pia, haina mbio.

Asubuhi tukashuka wawili tu, mwendo wa kinyonga, hadi Morogoro mjini. Nikatafuta mipira mirefu ya breki ya gari jingine ambayo nyuzi za nati zake zinalingana, mitatu yote, 95,000 na kufunga. Tukatoa upepo kwenye breki, halafu nikamwomba fundi wa pale aweke jeki chini ya chesisi ili magurudumu yaning'inie. Nikaingia chini mwenyewe, nikashika kila mmoja. Umelegea, unacheza vizuri. Jioni tukapanda tena.

KIGODA

Siku ya kuondoka nikalileta gari hadi mlangoni, nimelifuta, linang'aa, limesimama juu kama dume la nyati. Bibi akatoka na kanga zake mbili, akalizunguka mara moja. Akainua mguu wa kulia. Haukufika. Akashika mlango, akajaribu wa kushoto. Magoti yake ni ya mtu aliyepanda Uluguru maisha yake yote na mzigo kichwani, yamechoka. Akashusha mguu, akanigeukia.

“Mjukuu wangu, hili umelinyanyua ili apande nani?”

Nilikosa jibu. Fundi aliniuliza swali hilohilo siku ya kwanza kwa namna nyingine, nikamjibu harakaharaka. Inchi mbili za springi, jumlisha zile sentimeta tatu za tairi, hiyo ndiyo ngazi niliyomwekea bibi yangu mwenyewe mlangoni.

Mjomba akaingia jikoni akatoka na kigoda. Bibi akakanyaga kigoda, nikamshika mkono, akaketi. Akaniambia kigoda nacho kiingie, maana huko hospitali atashukaje? Tukapita kwenye kijito, tukapita kwenye lile korongo, safari hii nikashuka kutazama kwanza, tukapita kwenye tuta. Alipoliona akasema tu, “Ndipo hapa,” akaendelea kutafuna karanga zake.

Basi msomaji wangu, kama na wewe una Suzuki au Land Rover ya springi za majani na unataka ipande kwa bei ya kitumwa, mimi sikukatazi. Nenda Gerezani, ila anza na tairi kwenye mahesabu yako, springi zifuate. Inchi mbili zinatosha, ukizidisha utaanza kuhangaika na propela na usukani. Kabari za mbele na shokapu usiache. Watu wa bima yako waambie. Na kabla hujalipa shilingi ya mwisho, weka jeki chini ya chesisi, acha magurudumu yaning'inie, ingia chini, shika mipira ya breki kwa mkono wako. Ikiwa imekazika, usitoke mjini.

Na kama kuna bibi, chonga kigoda. Changu kiko nyuma ya kiti mpaka leo.

Tukutane wiki ijayo. Kazi njema!